Kutoka Kroshia Hadi Sindano Mbili

Mtu aliyezoea sindano mbili akilipenda sweta lililofumwa kwa kroshia, kwanza hutafuta jedwali: mshono huu wa kroshia ni sawa na mshono upi wa sindano? Jedwali la namna hiyo halitakufikisha popote. Mishono ya kroshia na ya sindano mbili haifanani kwa upana, kwa urefu wala kwa kuvutika. Maelekezo yakisema sweta la mtoto wa miezi sita linaanza na mishono 40, nawe ukapandisha mishono 40 kwenye sindano zako, utakalolitoa litamtosha mdoli. Kinachohamishika ni umbo la nguo na vipimo vyake. Fundi cherehani akiletewa gauni alinakili hapimi kwa kuhesabu matundu ya sindano, anashika futi kamba. Nawe fanya hivyo hivyo: toa sentimita kwenye maelekezo ya kroshia, kisha zigeuze ziwe mishono ya mkono wako mwenyewe.

Kroshia inashika kitanzi kimoja tu. Mshono ukimalizika umemalizika, kwa hiyo unaweza kuacha mishono minne pembeni ukageuza kazi, ukaanzia katikati ukazunguka, ukarudi ulikotoka. Sindano mbili zinashika vitanzi vyote vya safu kwa pamoja, na kimoja kikidondoka kinafumuka hadi chini. Kitambaa cha kroshia kinasimama, kina uzito, pembe zake zinatulia mezani zenyewe. Cha sindano kinavutika na kinaufuata mwili. Ndiyo maana kwa nguo ya kuvaa nazipendelea sindano mbili, hasa kwa mtoto anayelala na sweta usiku wa Julai kule Makete au Limuru.

Tukubaliane majina kabla ya kuendelea. Mshono wa mbele ni ule unaofumwa uzi ukiwa nyuma ya kazi. Mshono wa nyuma, uzi unakuwa mbele yako. Ukifuma safu moja ya mbele na moja ya nyuma kwa zamu, unapata ufumaji laini, ule wa masweta ya shule. Ukifuma mishono ya mbele katika kila safu unapata matuta, na kila safu mbili hutoa tuta moja.

Soma karatasi kwanza

Jua maelekezo yameandikwa kwa desturi ya nchi gani. Kitabu cha zamani ulichorithi huenda kikawa cha Uingereza, na video uliyoletewa kwenye simu ikawa ya Marekani, na nchi hizi mbili zinaiita mishono tofauti kwa jina lile lile. Mshono mfupi, unaotanguliwa na mnyororo 1 wa kugeuzia safu, Mmarekani anauandika sc na Mwingereza anauandika dc. Mshono mrefu, wa minyororo 3 ya kugeuzia, Mmarekani anauandika dc na Mwingereza tr. Kwa hiyo ukiona sc popote kwenye karatasi, hiyo ni ya Marekani. Usipoiona, hesabu minyororo ya kugeuzia: dc inayokwenda na minyororo 3 ni ya Marekani, tr inayokwenda na minyororo 3 ni ya Uingereza. Ukikosea hapa, urefu wote wa nguo unaharibika, kwa sababu mshono mrefu unapanda zaidi ya mara mbili ya ule mfupi.

Kisha tafuta mstari unaotaja mishono na safu ngapi zinakaa katika sentimita 10. Kama haupo, tafuta vipimo vya nguo iliyokamilika: upana wa kifua, urefu, urefu wa mkono. Kama navyo havipo, mpe jirani anayefuma vitambaa vya makochi uzi ule ule na kroshia ya namba ile ile, akufumie kipande cha safu kumi, ukipime kwa rula. Usikisie kwa kutazama picha.

Kipande cha kupimia

Hapa ndipo watu wengi wanaruka, na hapa ndipo sweta linapofaulu au kuharibika. Pandisha mishono 34 hivi, fuma laini hadi kipande kifikie urefu wa sentimita 15, funga mishono. Kifue kama utakavyolifua sweta, kilaze kikauke bila kukivuta. Kikishakauka, weka rula katikati, mbali na kingo, uhesabu mishono iliyomo ndani ya sentimita 10. Hesabu na safu za kwenda juu.

Lebo ya uzi itakusaidia kujua unakoelekea. Mara nyingi ina mraba mdogo wenye namba: ubavuni safu, chini mishono, na namba ya sindano. Uzi wa unene wa kati kidogo, ulioandikwa DK, mara nyingi unaonyesha mishono 22 kwa safu 30 na sindano ya milimita 4. Kwa uzi wa unene huo huo, Craft Yarn Council, chama cha wafanyabiashara wa uzi Marekani, kinakadiria mishono mifupi ya kroshia 12 hadi 17 katika upana wa sentimita 10. Tazama umbali uliopo kati ya 22 na 12. Lakini lebo inazungumzia mkono wa mtu mwingine; hesabu ya kufuata ni ile ya kipande chako. Ukidhani una mishono 22 kumbe mkono wako umelegea na unatoa 20, mgongo wa sentimita 25 utatoka 27 na nusu, na sweta zima litazidi kwa sentimita 5.

Anayefumia spoku za baiskeli ajue kuwa spoku ya kawaida ina unene wa milimita 2 tu. Inafaa kwa uzi mwembamba wa vitambaa. Kwa uzi wa DK itatoa kitambaa kigumu, na hesabu yote itakwenda kombo.

Sweta lenyewe

Tuchukue maelekezo ya kroshia ya sweta la miezi sita, la mishono mirefu, yenye kipimo cha mishono 16 na safu 9 kwa sentimita 10. Mgongo una mishono 40 na safu 24. Upana: gawanya 40 kwa 16, zidisha kwa 10, unapata sentimita 25. Urefu: gawanya 24 kwa 9, zidisha kwa 10, unapata 26.7, tuiite 27. Andika namba hizi pembeni mwa karatasi, kisha sahau kabisa ile 40 na ile 24.

Sasa rudi upande wako, wa mishono 22 na safu 30 kwa sentimita 10, yaani mishono 2.2 na safu 3 kwa kila sentimita. Upana wa sentimita 25 ni mishono 55. Ongeza 2 ya kushonea ubavuni, kwa sababu mshono wa pembeni wa sindano unamezwa ndani unapounganisha, jumla 57. Urefu wa sentimita 27 ni safu 81. Fanya 80, ili umalizie upande wa nyuma.

Kwapa ndipo tofauti ya zana inapoonekana waziwazi. Maelekezo ya kroshia yanasema: baada ya safu ya 13, acha mishono 4 kila upande uendelee na ya katikati. Safu 13 ni sentimita 14.4, kwako safu 43, fanya 44. Mishono 4 ni sentimita 2 na nusu, kwako mishono 5 na nusu; fanya 6. Lakini huwezi kuiacha tu ikining'inia. Funga mishono 6 mwanzoni mwa safu ya 45, fuma hadi mwisho, geuza kazi, kisha funga 6 mwanzoni mwa safu ya 46. Kwapa moja litakuwa juu ya jingine kwa safu moja, na hakuna jicho litakaloona hilo sweta likishashonwa. Unabaki na mishono 45, na safu 34 za kwenda hadi bega.

Mikono inahitaji uvumilivu zaidi. Kwenye kroshia mkono unaanza na mishono 26, unapanuka hadi 38, kwa safu 16. Kwa sentimita ni 16.25 chini, 23.75 juu, na urefu wa 17.8. Kwako chini ni mishono 36, ongeza 2 ya kushonea, 38. Juu ni 52, ongeza 2, 54. Urefu ni safu 53, fanya 54. Una mishono 16 ya kuongeza, yaani mara 8, mmoja kila upande. Toa safu 8 za mwanzo kwa ukingo wa kiganjani, wa mshono mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, ambao unavutika na kurudi. Zinabaki safu 46. Ukiongeza kila baada ya safu 5, nyongeza nyingine zitaangukia upande wa nyuma ambako ni vigumu kuzilinganisha. Afadhali uongeze mara baada ya safu 4, mara baada ya safu 6, kwa zamu, hadi mara zote 8 ziishe. Utakuwa umetumia safu 40, na 6 za mwisho zinakwenda moja kwa moja hadi juu.

Kisha hakiki. Kutoka kwapa hadi bega mgongo una safu 36, ukihesabu na zile mbili za kufungia, yaani sentimita 12. Mbele pia 12. Jumla 24, na mkono wako juu una mishono 52 inayoonekana, yaani sentimita 23 na nusu na ushei. Vinaingiana. Hesabu hii ndogo uifanye kabla hujaanza kufuma mkono, maana mkono mpana kuliko kwapa hauna dawa isipokuwa kufumua.

Shingoni, usilifute tundu la kifungo. Mafundi wa kroshia huweka kifungo begani kwa sababu kitambaa chao hakivutiki. Chako kinavutika, lakini kichwa cha mtoto wa umri huu kina mzunguko unaokaribia ule wa kifua chake, na mtoto anayelia wakati wa kuvalishwa hana subira. Kibakize. Na unapofunga mishono ya shingo, tumia sindano nene kuliko uliyofumia, ili ukingo usikaze.

Uzi utatosha? Kipime kile kipande cha kupimia kwenye mizani ya jikoni. Tuseme kina gramu 10 kwa sentimita 15 kwa 15, yaani eneo la 225. Mbele na nyuma ya sweta vina eneo la 1,350, mikono miwili 720 hivi. Jumla 2,070, mara 9 na ushei ya kipande chako, sawa na gramu 92. Ongeza sehemu moja ya tano kwa shingo, kushonea na makosa, ufikie 110. Nunua madonge matatu ya gramu 50, ya rangi iliyochovywa siku moja. Namba ya mchovyo huo iko kwenye lebo. Usikifuate kiasi kilichoandikwa kwenye maelekezo ya kroshia, kwa kuwa kroshia kwa kawaida hula uzi mwingi zaidi kwa eneo lile lile.

Mapambo

Umbo likishahama, ndipo uulize kuhusu sura ya kitambaa. Hapa hutafuti usawa, unatafuta kitu cha familia moja.

Kitambaa cha mishono mifupi iliyosongamana mimi hukibadilisha kuwa matuta bila kusita. Matuta hayajikunji kingo, yana uzito, na yana sifa moja nzuri sana: mshono mmoja kwa upana unakaribia kulingana na tuta moja kwa urefu. Unapata viraba, kama vile karatasi ya hesabu.

Kitambaa cha nyavunyavu, cha mishono mirefu na minyororo ya kuruka, kina ndugu wa wazi: zungushia uzi kwenye sindano, kisha fuma mishono miwili pamoja. Uzi uliozungushwa unaacha tundu, miwili iliyofumwa pamoja inarudisha hesabu. Vifundo vinavyotokeza juu ya kitambaa ni rahisi pia: ndani ya mshono mmoja fuma mbele, nyuma, mbele, nyuma, mbele, uwe na mitano, geuza, fuma hiyo mitano, geuza tena, ifume yote pamoja iwe mmoja.

Yale magamba ya kroshia, mishono mitano au saba mirefu inayotoka tundu moja kama kipepeo cha mkono, ndiyo yanayowatia watu hofu. Jibu lake liko kwenye visiwa vya Shetland, kaskazini ya Uskoti, ambako wanawake wamefuma shali za mawimbi kwa vizazi. Unahitaji mishono 18 kwa kila wimbi. Safu ya kwanza yote mbele, ya pili yote nyuma. Safu ya tatu: fuma miwili pamoja mara 3, kisha zungushia uzi na fuma mmoja, mara 6, kisha miwili pamoja mara 3. Mishono 18 inaingia, 18 inatoka, lakini sehemu imebanwa na sehemu imefunguka, kwa hiyo kitambaa chote kinapinda. Safu ya nne yote mbele, urudie. Ukingo wa chini unatoka na mawimbi yake wenyewe. Kwa sweta letu la mishono 57, mawimbi matatu ni 54. Inabaki 3: 1 upande mmoja na 2 upande wa pili, nayo ndiyo itakayomezwa kwenye kushona. Fuma kipande kingine cha kupimia, kwa sababu matundu yanapanua kitambaa.

Picha za viraba, zile za ndege, maua na majina ya watu kwenye vitambaa vya makochi, zinahamia vizuri lakini zina mtego. Kiraba kilichojaa kifanye mshono wa nyuma juu ya kitambaa laini, na picha itatokeza. Mtego ni kwamba mshono wa ufumaji laini ni mpana kuliko urefu wake. Ua la viraba 40 kwa 40, kwa kipimo chetu, litatoka na upana wa sentimita 18.2 na urefu wa 13.3 tu, limebonyea kana kwamba limekaliwa. Dawa yake: kila safu ya tatu ya mchoro ifume mara mbili. Safu 40 zinakuwa 53, urefu unakuwa 17.7, na ua linarudi kuwa ua. Au epuka hesabu yote kwa kufuma picha hiyo kwa matuta ya rangi mbili, kiraba kimoja kwa mshono mmoja na tuta moja.

Duara na viraba

Kitambaa cha meza cha mviringo kwenye kroshia hukua kwa nyongeza sawa kila mzunguko: mishono 6 kama ni mifupi, 12 kama ni mirefu. Kwenye sindano fuata njia ya Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyehamia Marekani, aliyoieleza katika kitabu chake cha 1974, Knitter's Almanac. Alitegemea jambo moja la hesabu: umbali kutoka katikati ukiongezeka maradufu, mzingo nao unaongezeka maradufu. Anza na mishono 9 kwenye sindano fupi zenye ncha mbili, fuma mzunguko mmoja. Ongeza maradufu iwe 18 kwa kuzungushia uzi kabla ya kila mshono, fuma mizunguko 3. Maradufu tena, 36, mizunguko 6. Kisha 72 na mizunguko 12, kisha 144 na mizunguko 24. Kati ya nyongeza hizo unaweza kuweka mapambo yoyote, kwa sababu hesabu haibadiliki. Wenye kroshia wana faida moja hapa: vitanzi 9 vya mwanzo vianze kwa kroshia, juu ya tundu la uzi linalokazika, kisha uvihamishie kwenye sindano. Katikati itafunga bila shimo.

Kwa viraba vinavyoshonwa pamoja kuwa blanketi, pandisha mishono 41 na ufume matuta. Kila safu ya pili, fuma mitatu ya katikati pamoja. Kona inajikunja yenyewe, na utakapobaki na mshono mmoja utakuwa na mraba wa mishono 20 kila upande.

Nanasi za kitambaa cha kochi, zile zinazopungua mstari kwa mstari hadi ncha, ziache kwenye kroshia. Zimezaliwa na uwezo wa kuacha mishono na kurudi, na kuzilazimisha kwenye sindano ni kupoteza uzuri wake na muda wako. Wanyama wa kuchezea wenye pamba ndani wanahamishika, mradi ushuke namba mbili za sindano chini ya ile ya lebo, la sivyo pamba itachungulia.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kuchanganya. Fuma mwili wa sweta kwa sindano mbili, kisha chukua kroshia uweke ukingo ule ule ulioupenda kwenye maelekezo ya asili. Unapopita ubavuni mwa ufumaji laini, okota mishono 3 kwa kila safu 4, kwa sababu ile ile iliyolibonyeza ua. Ukingo ukipanda na kushuka kama mawimbi, umeokota mingi. Fumua urudie kwa 2 katika kila safu 3. Ukingo ukiuvuta mwili wa sweta hadi ukajikusanya, umeokota michache. Jaribu 4 katika kila safu 5. Ulaze mezani kila unapofika nusu, usiupime ukiwa mapajani.